Landrova kuukuu na karavani ya plaiwudi: shajara ya mradi

Januari, mwanzoni

Nimeandika ukutani kwa chaki: KILO 450, MWISHO. Hiyo ndiyo karavani nzima ikishapakiwa, pamoja na maji, godoro, jiko na nguo. Namba yenyewe imetokana na gari litakaloivuta. Ni Land Rover Series III, lile fupi la inchi 88, injini ya petroli ya cc 2,286 yenye nguvu za farasi kama 70, na hizo ni za siku ilipokuwa mpya. Magari hayo yalitengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo hata la mwisho kutoka kiwandani limeshakula chumvi nyingi. Likiwa tupu lina kama kilo 1,340. Breki ni za drami magurudumu yote manne, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.23 tu. Gari fupi kiasi hicho likifungiwa mzigo mkubwa nyuma, mzigo ndio unaoshika usukani.

Watu wengi huanza na karavani kwa sababu ndiko kwenye raha: kuchora umbo, kuchagua kitambaa, kubishana kuhusu dirisha. Mimi sitagusa ubao hata mmoja mpaka gari lijue kusimama. Karavani yangu haitakuwa na breki zake, maana yake karibu theluthi ya uzito wa gari itaongezwa nyuma na drami zilezile ndizo zitakazobeba kazi yote.

Januari, mwishoni: nyundo chini ya chasi

Bodi ya Landrova ni alumini, kwa hiyo inaweza kukaa safi miaka na miaka huku inakudanganya. Chasi ni chuma, maboksi marefu yaliyochomelewa, na huoza kuanzia ndani ambako huoni. Kipimo changu ni nyundo ndogo. Nimelala chali chini ya gari, nikawa nagonga kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima hulia *ngi!* na nyundo inaruka. Kilichooza hujibu *dub*, na nyundo inabaki palepale. Kutoka mbele nikasikia ngi, ngi, ngi, hata kwenye mikono inayobeba sakafu, mpaka nikafika kwenye mhimili wa nyuma unaokingama kati ya vyuma viwili vya chasi. Hapo sauti ikafa. Bisibisi ikazama bila kusukumwa, na kilichonimwagikia usoni ni udongo mkavu uliochanganyika na magamba ya kutu.

Ukitazama jinsi gari lilivyojengwa utaelewa kwa nini ni hapo. Magurudumu ya nyuma hurusha matope moja kwa moja kwenye mhimili huo, matope yanaingia kwa matundu, yanakaa na unyevu wake. Na mhimili huohuo ndiko linakofungwa tufe la kuvutia trela. Sehemu iliyo tayari kuoza kabla ya nyingine ndiyo inayotakiwa kuvuta.

Fundi wa kuchomelea alimulika tochi mara moja tu. "Mzee, hapa hatubandiki kiraka," akasema. "Hapa tunakata." Sikubisha. Ukichomelea kiraka kwenye chuma kilichobaki unene wa karatasi, unatoboa pembeni mwake, na hata kikishika, ufa utahamia mahali kiraka kinapoishia.

Kabla ya moto tuliondoa betri na kuchomoa nyaya za alteneta, kwa sababu umeme wa kuchomelea huua diodi zake kirahisi. Tangi la petroli la gari hili liko chini ya kiti, halikuwa karibu na kazi, lakini tulilitoa vilevile. Mvuke wa petroli hauna subira. Mhimili mpya umekuja na mikono yake miwili inayoingia kwenye chasi, hivyo maungio yako mbele kwenye chuma kizima. Tulipima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto, na fundi hakushika mashine mpaka vipimo viwili vikalingana.

Nje umepata praima ya zinki na rangi mbili. Ndani nimepulizia nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu hadi ikaanza kudondoka kwenye matundu ya chini, kisha nikayazibua matundu. Yanatakiwa kubaki wazi ili maji yatoke. Bodi ya alumini inapokalia chuma nimeweka vipande vya mpira, na kila bolti imepakwa grisi. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe chini ya rangi.

Februari: breki na habu

Nilipovua drami ya nyuma kushoto, viatu vya breki vilikuwa vinang'aa kwa mafuta. Sili ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa imechoka na oili ya ekseli ilikuwa ikipita taratibu kuingia ndani ya drami. Kuna watu wanaovisafisha viatu vya namna hiyo kwa petroli na kuvirudisha. Nyenzo ya msuguano hunywa oili. Utaifuta juu, breki ikipata moto oili inarudi. Vimetupwa, ekseli nzima imepata viatu vipya, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja gari litavuta upande huo unapokanyaga.

Kurekebisha breki hizi hakuhitaji zaidi ya spana na sikio. Nyuma ya bamba la breki kuna kichwa cha bolti kinachozungusha kipande chenye umbo la konokono kinachosukuma kiatu. Unakaza mpaka gurudumu ligome kabisa, kisha unalegeza kidogo kidogo huku unalizungusha kwa mkono, mpaka ule mkwaruzo uishe. Gari lisiporekebishwa, pedali hushuka sana na mtu hudhani pampu imekufa.

Mafuta ya breki yametoka na rangi ya chai. Mafuta hayo hufyonza maji kutoka hewani, na maji hayo huchemka kwenye mteremko mrefu, hasa ukiwa na kilo mia nne zinakusukuma kutoka nyuma. Nimeyabadilisha yote, nikianza kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na pampu.

Beringi za habu nilikaa nazo jioni nzima, na sioni kama ni muda uliopotea. Ukiziosha kwa mafuta ya taa zikakauka, zishike kwenye mwanga na uzizungushe polepole. Vidonge vyake, vile vyuma vidogo vinavyoviringika, vinatakiwa kuwa na rangi moja ya fedha iliyotulia. Ya mbele kulia ilikuwa na mstari wa bluu, alama ya joto, na njia yake ya nje, ile ringi ambamo vidonge huviringika, ina vishimo vidogo unavyovihisi kwa ukucha kabla ya kuviona kwa jicho. Hiyo imebadilishwa pamoja na njia yake. Nyingine zimepakwa grisi kwa kiganja: unaweka bonge la grisi mkononi, unakandamiza ukingo wa beringi mpaka grisi itokee upande wa pili, unasogea kidogo, unarudia. Nati ya habu hukazwa ikaze, halafu hulegezwa hadi ubaki mchezo wa kati ya milimita 0.10 na 0.15. Bila mchezo beringi inaungua, na mchezo ukizidi gurudumu linacheza na sili mpya inakufa upesi.

Februari, baadaye: injini

Hapa hakuna hadithi ndefu. Nafasi ya pointi za distributa imewekwa milimita 0.38, mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2, na nafasi ya valvu zote ni 0.25. Kwa valvu kuna kanuni ya tisa: ukiona valvu ya nane imefunguka hadi mwisho, rekebisha ya kwanza; ya saba imefunguka, rekebisha ya pili; kila jozi ijumlishwe ipate tisa. Rejeta imesukumwa maji kutoka chini kwenda juu na ikatapika tope la kahawia kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kuvuta mzigo kwa mwendo mdogo kwenye mlima ndiko kunakochemsha injini, kwa hiyo hiyo kazi ni ya karavani hata kama haionekani hivyo.

Machi: fremu ya trela

Vipimo vya karavani vimeamuliwa na plaiwudi. Ubao mmoja mzima ni mita 2.44 kwa 1.22, basi sakafu ni ubao mmoja, bila kiungo. Umbo ni lile la tone la maji: mbele paji la mviringo, nyuma linashuka hadi chini, ndani godoro, na nyuma chini ya mlango unaoinuka, jiko. Hakuna kusimama wima ndani. Anayetaka kusimama atoke nje.

Kwenye fremu ndipo chaki ya ukutani ilipoanza kunigombeza. Bomba la mraba la milimita 50 lenye unene wa 3 lina zaidi ya kilo 4.3 kwa mita. La 40 lenye unene huohuo lina kama 3.4. Fremu yangu inahitaji mita 16 hivi. Tofauti ni karibu kilo 15, uzito wa betri nzuri. Nimechukua la 40 kwa fremu na la 50 kwa mkono wa kuvutia peke yake, kwa kuwa mkono ndio unaopinda kila trela linaporuka shimo.

Kulikuwa na wazo la kufunga magurudumu ya Landrova kwenye trela, ili tairi moja ya akiba itumike pande zote mbili. Wazo zuri sana, mpaka nilipoliweka gurudumu moja kwenye mizani: kilo 29. Mawili ni 58, na karavani ingepanda juu mpaka mtu ahitaji ngazi kuingia kulala. Nimefunga magurudumu ya inchi 13 na ekseli ya mpira wa msokoto, ile ambayo mkono wa gurudumu unasokota mipira iliyo ndani ya bomba badala ya kutegemea springi za vibao. Ni nyepesi na haina bushi za kupaka grisi. Ubaya wake ni kwamba mpira ukichoka, ekseli yote inatupwa.

Aprili: kuta, na vita na maji

Si kila plaiwudi ina uzito sawa. Ubao wa milimita 12 wa mti wa birch una kama kilo 24. Wa okoume, kama 17 au 18. Sakafu nimeipa birch kwa sababu ndiyo inayokanyagwa. Kuta ni okoume ya milimita 9 ndani, fremu ya vibao, povu gumu la milimita 25 katikati, na bati la alumini nje. Mstari wa paa nimeuchora kwa ubao mwembamba uliopindwa kati ya misumari mitatu. Ukisogeza msumari wa katikati kidogo tu, karavani yote inabadilika sura. Ukuta wa pili haukuchorwa. Uliwekwa chini ya ule wa kwanza na kukatwa pamoja nao, ili hata kama mkono ulitetemeka, utetemeke sawa pande zote.

Kinachoua plaiwudi ni kingo zake. Uso una gundi na rangi, lakini ukingo uliokatwa ni maelfu ya mirija iliyo wazi. Kila ukingo, na kila tundu la skrubu, umepakwa epoksi ya majimaji mpaka ukagoma kunywa. Matundu ya sakafu yanayopitisha bolti nimeyatoboa makubwa kuliko yanavyotakiwa, nikayajaza epoksi, kisha nikayatoboa upya katikati kwa kipimo halisi. Bolti ikivuja siku moja, maji yatakutana na epoksi.

Bati la alumini lilinilazimisha kukaa chini na kalamu. Kila mita ya alumini hurefuka kama milimita 0.023 kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati la mita 2.4 likitoka kwenye baridi ya alfajiri kwenda kwenye jua kali, tuseme nyuzi 40 za tofauti, linarefuka zaidi ya milimita 2. Ukilipigilia skrubu katikati litavimba mawimbi na kupanua matundu yake, na maji yataingia kwa adabu kabisa. Kwa hiyo bati langu halina hata skrubu moja katikati. Limeshikwa kingoni na mikanda ya pembe, chini yake tepu nene ya butili isiyokauka, nalo linateleza kidogo linavyotaka.

Maji mengine yanatoka ndani. Watu wawili wakilala kwenye boksi lililofungwa, pumzi yao inageuka matone kwenye kila kitu chenye baridi, na asubuhi godoro lina unyevu kwa chini. Nimeweka tundu la hewa karibu na sakafu na jingine juu kwenye paa, yote mawili yasiyofungika. Godoro limekalia vibao vyenye nafasi, halikalii plaiwudi. Sinki nimelikataa. Sinki linataka pampu, pampu inataka mrija, mrija unataka tangi la maji machafu, na mwisho wake unabeba kilo kumi na tano ili kuosha vikombe viwili ambavyo beseni lingeviosha.

Mtungi wa gesi uko kwenye kasha lake lililofungwa upande wa chumba cha kulala na lenye tundu wazi kwenye sakafu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, inatafuta chini, basi ipewe njia ya kutokea huko.

Mei: umeme

Taa za trela zinapita kwenye plagi ya pini saba: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, kahawia na nyeusi ni taa za nyuma, bluu ni ya ukungu, nyeupe ni athi, yaani njia ya kurudishia umeme. Huo wa nyeupe ndio unaopuuzwa kuliko yote. Matrela mengi huwaka hata usipoufunga, kwa sababu umeme unarudi garini kupitia tufe la kuvutia. Siku tufe likipata grisi na vumbi, unakanyaga breki na indiketa ndiyo inayowaka. Ukiona taa za trela zinapokezana namna hiyo, usibadilishe balbu, tafuta athi.

Betri ya karavani inachajiwa na alteneta ya gari kupitia rilei inayokata injini ikizimwa, ili taa ya kusomea usiku isiibe umeme wa kuwashia gari asubuhi. Waya wenyewe ni mita 7 kwenda na 7 kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ampea 10 zingepoteza karibu volti 1 njiani, na betri ya volti 12 ingechelewa sana kujaa. Kwa waya wa 6 hasara ni kama volti 0.4. Waya mnene umeongeza uzito na nimeukubali bila kinyongo. Fyuzi zipo mbili, moja kila mwisho, kila moja karibu na betri yake, kwa sababu waya huo una betri pande zote mbili na unaweza kuungua kutoka upande wowote.

Juni: mizani

Siku niliyokuwa naisubiri kuliko ya rangi. Kila kitu kimepakiwa, dumu la maji limejaa, trela limesawazishwa kwa pimamaji kwenye kimo chake cha kuvutwa. Gurudumu la kushoto: kilo 203. La kulia: 208. Pua, yaani pale linapokalia tufe: 19. Jumla 430. Chaki ya ukutani imeheshimiwa.

Lakini 19 ni ndogo mno, asilimia 4 na kitu. Trela lenye pua nyepesi huanza kucheza mkia mwendo ukiongezeka, na likishaanza, kila mchezo ni mkubwa kuliko uliotangulia. Nataka asilimia 7 hivi, kilo 30. Mkosaji ni dumu la lita 20 lililokaa jikoni, mita 1.2 nyuma ya ekseli.

Njia rahisi ni kulihamishia kwenye kasha la mbele kabisa. Hesabu ni ya mzani wa kawaida: kilo 20 zikisogea mita 2.6, zigawanywe kwa mita 2.4 zilizopo kati ya tufe na ekseli, pua inaongezeka karibu kilo 22 na kufika 41. Kwa asilimia inakubalika. Sikuipenda. Uzito uliowekwa mbali na ekseli, mbele au nyuma, hulifanya trela liwe gumu kutulia likishasukumwa kando na upepo au na lori linalopita. Nimelilaza dumu chini ya kitanda, sentimita 30 mbele ya ekseli. Pua sasa ni 31 na kitu, na mzigo mzito umekaa katikati. Kunywa maji kunahitaji kuinua godoro. Sawa.

Juni, mwishoni: kuvuta

Mwendo wa kwanza ulikuwa mfupi na wa polepole, halafu nikasimama na kushika habu za trela kwa kiganja. Vuguvugu zote mbili, sawa kwa sawa. Nati za magurudumu zilikaza robo mzunguko zaidi, jambo la kawaida kwa magurudumu mapya, na nitazirudia. Breki zinashika bila kuvuta upande. Pedali ni ngumu, mguu unajua kwamba kuna kitu nyuma, na nafasi ninayowaachia walio mbele yangu imeongezeka maradufu.

Kurudi nyuma na karavani ndiko klachi inakoteseka. Gari hili lina gia ndogo ya mkono mwekundu, lakini ukiiingiza, ekseli ya mbele nayo inashika, na kwa kuwa hakuna difu ya katikati ya kuziruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti, kukata kona kwenye ardhi ngumu kunasokota shafti zote. Habu zangu za mbele ni za kufungulia kwa mkono. Nikiziacha wazi na kuingiza gia ndogo, gari linakwenda kwa magurudumu ya nyuma peke yake, polepole kama ninavyotaka, bila kusokota chochote. Sharti ni mguu mwepesi, maana nguvu yote ya gia ndogo inapita kwenye shafti za ekseli ya nyuma, na hizo hazikuumbwa kwa fujo.

Mlango wa jiko ndio unaorudi mezani. Una kilo 14, na vyuma vyake viwili vya gesi vya kuuinulia, nilivyopewa bure, ni vya nyutoni 400 kila kimoja. Ukigusa komeo unaruka wenyewe, na ukiufunga plaiwudi inajipinda katikati kiasi kwamba mpira wa kuzuia maji haugusi pembeni. Nimepiga hesabu kutoka kwenye bawaba na kuagiza vya nyutoni 200. Mpaka vifike, chuma cha upande mmoja kimefunguliwa na mlango umeegemezwa kwa mpini wa fagio.